Mguu Wangu na Korongo wa Kazima

Nyuki waliniambia mapema kuliko mtu yeyote, nami nikafurahi badala ya kuogopa.

Nilikuwa Sikonge, nikirina asali na kundi la watu watano. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja. Nimevuna tumbaku, nimepakia magunia kwenye treni ya Kigoma, nimechimba visima Puge, nimeendesha baiskeli ya mkaa. Sikufukuzwa popote. Nilikuwa tu nikitaka kujua watu wa ng'ambo ya mto unaofuata wanaishi vipi.

Siku moja mzinga ulipasuka tukiwa juu ya mti na nyuki wakaufunika mkono wangu wa kushoto. Mkono ulivimba kama mkono wa mtu yeyote, lakini sikusikia kitu. Niliendelea kukata masega. Nilipoteremka, wenzangu walikuwa wakinitazama.

"Huyu ana dawa," alisema Masanja, kiongozi wetu.

Warina asali hawaulizani mtu amepata wapi dawa ya nyuki. Ni adabu ya porini. Kwa hiyo hawakuniuliza, na mimi sikukanusha. Kwenye kifundo cha mkono huo nina chale alizonichanja babu yangu nikiwa mdogo, nikaamini zimeanza kufanya kazi. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyetangulizwa kuingiza mkono mzingani. Nilijisifu misimu miwili. Mgongoni nilikuwa na mabaka yaliyopauka, nikasema ni jua.

Ukiwa na sehemu ya mwili isiyosikia, usiite dawa. Hilo ndilo nililotaka kuandika kwanza, ili hata ukiishia hapa uwe umelipata.

Mwisho wa sifa zangu ulikuja na mwenge wa moshi. Nilisikia harufu ya nyama ikiungua, nikageuka kuuliza nani anachoma. Vilikuwa vidole vyangu.

*

Zahanati walinitibu moto, kisha wakanituma Tabora mjini, kliniki ya ngozi. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua zikikaribia mwisho. Tulikaa watu wanane kwenye benchi moja, na kila mtu alikuwa amevaa mikono mirefu. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu aliniambia kuwa hakuwa mgonjwa, alikuwa akimsindikiza jirani yake. Mwanaume aliyefuata alisema anamsindikiza shemeji. Nami nikasema nimemsindikiza kaka yangu. Kisha jina la mmoja likaitwa, na mwingine, mpaka tukaisha. Benchi zima lilikuwa la wasindikizaji.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa watoto. Aliniambia nifumbe macho.

"Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Nilifumba. Nilingoja. Nje mtu alikuwa akivuta kiti sakafuni. Nilingoja tena.

"Anza basi, nesi," nikasema.

"Nimemaliza," akasema.

Nilifumbua macho. Alikuwa na kipande cha pamba mkononi.

Aliniambia ni ukoma. Alilitamka neno lile kama mtu anayetaja siku ya wiki. Unatibika, alisema, dawa ni bure. Paketi kumi na mbili, moja kila mwezi, na kila dozi ya kwanza ya paketi nitaimeza mbele yake. Muda mfupi baada ya kuanza dawa nisingeweza kumwambukiza mtu.

"Vidudu vitakufa, hivyo havinisumbui," alisema. Akaushika mguu wangu wa kushoto na kuuweka kwenye paja lake. "Kinachonisumbua ni huu. Umekufa ganzi, na ganzi haitarudi nyuma. Wewe kazi yako ni ipi?"

"Kutembea," nikasema. Sikuwa nafanya mzaha.

"Basi ukiutembeza kama zamani utakatwa. Utaukagua kila jioni, juu na chini na katikati ya vidole. Usiusikilize, hautakwambia kitu. Uangalie."

Nilisikia maneno hayo yote. Lakini kichwani lilibaki moja tu: kumi na mbili. Sikuwa na mahali pa kukaa miezi kumi na mbili, isipokuwa kwa dada yangu.

*

Dada yangu Kalunde anakaa mtaa wa Ng'ambo, hapohapo Tabora, na binti yake. Asubuhi anauza chapati na supu barazani. Nilimpa shikamoo, akanipa marahaba, nikamweleza mlangoni kabla sijaweka mfuko chini. Alifuta mikono ambayo haikuwa na unga.

"Sikufukuzi, Maganga," alisema. "Lakini mimi ninalisha watu. Wateja wakijua, nimekwisha."

Tulikubaliana. Ningeondoka alfajiri kabla ya mteja wa kwanza, na kurudi mchana baada ya wa mwisho. Alininunulia sahani ya bluu ya plastiki, kikombe cha bluu na kijiko. Wao wawili walikula sinia moja kama tulivyokula sisi kwa mama. Sahani yangu ilikaa peke yake juu ya dirisha. Sikukasirika. Siku zile sikuwa nakasirika wala kufurahi. Nilifikiri ganzi ya mguu imepanda.

Ndiyo sababu nilianza kwenda bwawani Kazima. Nilihitaji mahali pa kukaa asubuhi nzima bila mtu kuniuliza shida yangu, na baiskeli ya dada ilinifikisha bila kukanyaga chini. Pale watu huja kupunga upepo, wanafunzi husoma madaftari yao, wapendanao hukaa wameachana nafasi mpaka wapita njia waishe. Mimi nilikaa upande wa majani, nikinyoosha mguu mbele yangu kama kitu nilichopewa nikilinde.

Wiki hiyo ya kwanza nilikuta korongo. Weupe, ncha za mabawa nyeusi, miguu myekundu. Walikuwa wengi sana, wakitembea taratibu kwenye majani na kuokota panzi. Ilipofika saa nne, ardhi ikishapata joto, mmoja alinyanyuka, kisha kumi, kisha wote, wakazunguka juu ya maji bila kupiga mabawa, kama vumbi linalopandishwa na kimbunga. Walipokuwa wadogo kama punje walielekea kaskazini. Kesho yake walikuja wengine.

Mtu mmoja mwenye darubini, mwalimu wa chuo nadhani, aliona nilivyokodoa macho. Aliniambia wanakwenda Ulaya, kule baridi inaisha, na watazaa huko. Mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili watarudi. Nilimuuliza wanakula nini njiani, wanalala wapi, wanavukaje jangwa. Nilimuuliza mpaka akacheka. Akanipa darubini niangalie mwenyewe. Ina kigurudumu katikati cha kuzungusha ili uone vizuri. Nilikiwekea kidole nikazungusha, na ndege wakabaki ukungu. Sikujua kama nimekigusa au la. Yule bwana alisogea. Aliweka kidole chake na kunizungushia, mpaka nikaona jicho la korongo.

Nilijua kwamba zamani ningepiga kelele kwa furaha. Nilirudisha darubini nikasema asante.

*

Paketi ya pili na ya tatu. Siku ya dozi kubwa, ile ya kumeza mbele ya nesi, mkojo ulikuwa mwekundu, na mara ya kwanza nilidhani ninakufa. Usiogope, ni rangi ya dawa. Ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, si weusi wangu, weusi wa sufuria. Binti wa Kalunde aliniangalia siku moja akasema, "Mjomba, umekolea." Mama yake alimkemea. Mimi niliona ni neno zuri kuliko yote niliyosikia mwezi ule.

Bwawani walipita keremkerem. Wewe usiyekuwa mrina asali utawaona ni ndege wazuri, kijani na dhahabu. Sisi tunawachukia, kwa sababu chakula chao ni nyuki. Sikuwahi kukaa kuwatazama wakila. Wanamdaka nyuki hewani, wanatua, wanampigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke, ndipo wanameza. Nilikaa siku nzima nikiwaangalia. Ndege mwenye mdomo mgumu namna ile bado alihofia mwiba. Mimi nilikuwa nimeacha kuuhofia, na nikaona ni bahati.

Kisha wakaisha. Mwezi wa sita majani yalikauka, maji yakarudi nyuma, pakabaki bata na yangeyange wa siku zote. Korongo walikuwa Ulaya. Mimi nilikuwa Ng'ambo, mwezi wa nne mahali pamoja.

Masanja alipiga simu. "Asali imejaa. Mwenye dawa uko wapi?"

Nilimwambia nakuja; ugonjwa sikuutaja. Kalunde alinikuta nikifunga mfuko.

"Mguu je?"

"Mguu hauumi."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo!" alisema. Lakini hakunizuia, na nafikiri kwa upande mmoja alishusha pumzi. Sikumlaumu.

Niliweka paketi ya dawa mfukoni, nikavaa katambuga nilizonunua njiani, viatu vya tairi ambavyo kila mtu wa huku amevaa. Kamba zake hushikizwa kwa misumari midogo. Tulitembea siku mbili kutoka barabarani mpaka kambini. Nilikuwa mbele. Jioni ya kwanza sikukagua mguu, kwa sababu wenzangu wangeuliza ninatafuta nini. Jioni ya pili nilivua katambuga na ya kushoto haikutoka. Ilikuwa imegandamana. Niliivuta. Msumari ulikuwa umetoboa soli kwenda juu, umeingia chini ya vidole, na nilikuwa nimeutembelea siku mbili.

Masanja alimulika. Aliangalia msumari, akaangalia uso wangu, akaangalia mkono wangu wa kushoto wenye makovu ya moto. Mtu mzima yule alielewa.

"Haikuwa dawa," alisema.

"Haikuwa."

Alinibeba kwenye baiskeli mpaka barabarani. Hakuogopa kunigusa, wala hakuzungumza nami.

*

Hospitali nililazwa paketi ya tano na ya sita. Daktari alisema kama uozo umefika kwenye mifupa ya wayo watakata chini ya goti, na hataweza kujua mpaka asafishe. Waliondoa vidole viwili vidogo. Kuhusu mguu alisema tusubiri. Nilisubiri nikiangalia dirisha ambalo lilionyesha ukuta na kipande cha mbingu. Nilihesabu ndege waliokatiza kile kipande. Kunguru, zaidi.

Kalunde alikuja kila siku, akiisha kuuza. Alileta uji, akauweka kwenye kiti cha pembeni, akarudi hatua mbili nyuma. Kila siku. Hatua mbili, lakini kila siku. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, usihesabu hatua. Hesabu siku.

Mwezi wa tisa daktari alisema kidonda kimefunga. "Safari hii umebaki nao. Kikifunguka tena sina la kukuahidi." Nesi wa kliniki akanituma kwa fundi anayeshona viatu vya watu kama sisi.

Kibanda chake kilikuwa Ng'ambo hiyohiyo, mitaa mitatu kutoka kwa dada. Fundi Sefu ni Mzaramo, baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Nilitoa salamu nikabaki nimesimama mbali, kama nilivyozoea kusimama.

"Weye kabila gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mnyamwezi."

Akaweka chini shazia, sindano yake nene ya kushonea. Alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Mtani wangu! Njoo hapa, mpagazi. Leta huo mzigo."

Wasomaji wa mbali niwaambie: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao mwisho wa njia kule pwani na sisi mwanzo wake huku. Mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kula chakula chako bila kukaribishwa, nawe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa.

Aliukamata mguu wangu kwa mikono miwili, mikono mitupu, akaugeuza huku na huku. Alipitisha kidole kwenye kovu lote. Miezi saba hakuna mtu aliyenishika bila glavu isipokuwa nesi na Masanja.

"Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi mitatu, pekupeku," alisema. "Weye umeshindwa kubeba mguu wako mmoja?"

Niliuangalia mguu mikononi mwake. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Na babu zako walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri kuwaibia."

Sefu alicheka mpaka akakohoa. "Loo! Kumbe hujafa! Mwili umekufa ganzi, mdomo mzima!"

Alichora wayo wangu kwenye katoni. Soli ya tairi, alisema, ndani sponji laini, na gundi na uzi tu. "Msumari hata mmoja hutauona. Nitakuletea nyumbani."

"Nitakuja mwenyewe," nikasema haraka. "Asubuhi kuna wateja."

"Ndiyo maana nitakuja asubuhi. Napenda supu."

*

Alikuja Ijumaa, baraza limejaa. Mimi nilikuwa nimejificha chumbani, maana daktari alikuwa bado hajaniruhusu kupanda baiskeli.

"Yuko wapi mpagazi wangu?" alipaza sauti. "Yule aliyekula na ukoma wakashindana nani atamaliza vidole!"

Nilisikia vijiko vikinyamaza. Nilitoka, kwa kuwa kutotoka kungekuwa kibaya zaidi. Kalunde alikuwa amesimama na mwiko, midomo imemkauka. Sefu alipita katikati ya watu, akaingia, akarudi na sahani yangu ya bluu iliyokuwa na kiporo cha ugali na mlenda wa jana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamega, akachovya, akala.

"Mnyamwezi mchoyo," alisema, mdomo umejaa. "Ananificha mlenda. Dada, huyu ametibiwa, nesi kaniambia, na hana hata kidudu cha kunigawia. Nitie supu humuhumu."

Kalunde alinitazama. Akachota supu akamtilia kwenye sahani ile. Tone lilianguka mezani.

Wateja watatu waliondoka. Mmoja aliacha chapati ameiuma mara moja. Waliobaki walijua utani ni nini, wakacheka, kwanza kwa woga kisha kweli. Kati ya wale watatu, wawili hawajarudi mpaka leo. Wa tatu alirudi wiki iliyofuata akasema kwingine supu ni maji matupu.

Usiku ule dada aliosha vyombo. Sahani ilirudi juu ya dirisha.

Mwezi wa kumi mbayuwayu walijaa kwenye nyaya za umeme. Mwezi wa kumi na moja mvua, na kumbikumbi. Paketi ya kumi, mwezi wa kumi na mbili, nilienda bwawani kwa mara ya kwanza tangu hospitali na korongo walikuwepo, wanane, wachafu wa safari, wamesimama majini. Nilimweleza Kalunde jioni wametoka wapi. Alisikiliza huku akipika.

"Wote hurudi?" aliuliza.

"Wengine hufa njiani."

"Mh," alisema.

Akapakua. Nilitafuta sahani yangu juu ya dirisha, haikuwepo. Niliikuta uani, ina maji, kuku wanakunywa. Niliporudi ndani sinia lilikuwa chini na wao wawili walikuwa wameniachia upande. Nilinawa. Tulikula. Sikulia, ingawa nilijua hapa ndipo mtu hulia.

Paketi ya kumi na mbili niliimaliza mwezi wa pili. Nesi aliandika kwenye kadi, akanipa mkono. Weusi wa ngozi, alisema, utapungua polepole. Ganzi itabaki.

*

Mwezi wa tatu nilikwenda Kazima kwa miguu. Daktari aliniruhusu, taratibu, na nipumzike njiani. Nilikuwa nimevaa viatu vya Sefu. Mfukoni nilikuwa na nauli ya Kigoma niliyoichanga kwa kazi ndogondogo kibandani kwake, na sikuwa nimeamua.

Korongo walikuwa wamejikusanya kwenye majani, wengi kama mwaka jana. Jua lilikuwa limekwisha kupasha ardhi joto. Mmoja alinyanyuka. Kisha kumi. Nilikuwa nimebakiza hatua kama hamsini kufika mahali pangu, pale wanapoonekana vizuri, na nilikuwa nimeingoja asubuhi hiyo mwaka mzima. Wote wakanyanyuka. Waliokuja kupunga upepo walisimama, wakanyoosha vidole juu.

Nilikumbuka kwamba nimetembea nusu saa bila kukagua.

Nilikaa chini palepale njiani. Nilivua kiatu cha kushoto, nikakipindua, nikakikung'uta. Likaanguka jiwe, dogo kama punje ya mahindi. Niliangalia wayo. Palikuwa na alama nyekundu chini ya kovu, ngozi haijapasuka. Nilipitisha kidole kama Sefu alivyofanya, sikusikia kidole wala mguu, lakini niliona. Nilikaa mpaka wekundu ukapungua. Nikavaa, nikafunga kamba.

Nilipoinua kichwa mbingu ilikuwa tupu. Niligeuka, nikaanza kurudi Ng'ambo, polepole, nikihesabu hatua mpaka mahali pa kukaa na kukagua tena.